Saa za masomo na siku za kujifunza mtandaoni (Minnesota)

Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, lina sheria inayopima mwaka wa shule kwa saa na kwa siku. Darasa la 1 hadi la 6 hupata angalau saa 935 za masomo. Darasa la 7 hadi la 12, saa 1,020. Kwa kawaida, kalenda ya darasa la 1 hadi la 11 haipungui siku 165.

Theluji au baridi kali ikifunga shule, wilaya ya elimu inaweza kutangaza siku za kujifunza mtandaoni, zisizozidi 5 kwa mwaka, nazo huhesabiwa kama siku za masomo. Wazazi lazima waarifiwe angalau saa 2 kabla ya muda wa kawaida wa kuanza shule. Mwalimu apatikane mtandaoni na kwa simu saa zote za shule. Sharti lenye uzito zaidi ni la usawa: mpango wa wilaya wa siku hizo sharti umpe nafasi mwanafunzi asiye na intaneti au kifaa nyumbani, kwani bila hivyo mtoto wa maskini ndiye angepoteza siku. Wanafunzi wenye ulemavu nao huwekewa utaratibu unaowafaa.