Mombasa: Kulala Mji wa Kale, kuogelea ng'ambo

WATU wengi wa bara hudhani kuwa kufika Mombasa ni kufika ufuoni. Huteremka basi Mwembe Tayari, wakaburura mikoba yao hadi barabara ya Moi, wakauliza bahari iko wapi, na wakajikuta mbele ya lango la bandari.

Ukweli ni kwamba kisiwa cha Mombasa, ingawa kimezungukwa na maji pande zote, hakina ufuo wa mchanga wa kutajika. Magharibi kuna gati za Kilindini. Kaskazini kuna hori ya Tudor yenye mikoko na matope. Upande unaotazama bahari kuu, kando ya barabara ya Mama Ngina, ni majabali ambako watu huenda kupunga upepo, kula mihogo na kunywa madafu, wala si kuogelea.

Mchanga mweupe unaoonekana katika picha za matangazo uko ng'ambo. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko kaskazini mwa kisiwa; Shelly, Tiwi na Diani ziko kusini. Ndiko hoteli kubwa zilikojengwa, na ndiko bei za vyumba hupaa kila Desemba na kila Pasaka.

Ndipo linapozuka swali linalozikabili familia nyingi za kipato cha wastani kutoka Nakuru, Kisumu au Machakos: je, ni lazima mtu alale ufuoni ndipo aione bahari? Jibu ni la. Kisiwa ni mji wa soko, na mji wa soko, ukitumiwa vyema, ni kituo kizuri cha kwenda ufuoni na kurudi. Sharti ni moja tu: msafiri aipange siku yake kwa kufuata maji ya bahari na msongamano wa magari, badala ya kufuata saa yake ya nyumbani.

Sifa hiyo ya soko ni ya kale. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepitia Mombasa mwaka 1331, alieleza kuwa wenyeji walikuwa na ndizi na ndimu, lakini nafaka waliletewa kutoka ng'ambo. Hadi leo karibu kila kinacholiwa kisiwani huvuka maji kwanza, na sehemu kubwa ya mboga na matunda hupitia soko la Kongowea, lililoko bara kaskazini karibu na daraja la Nyali.

Kisiwani kwenyewe kuna soko la Mackinnon katika barabara ya Digo, ambalo wenyeji huliita Marikiti. Hapo hiliki, mdalasini, bizari na pilipili manga hupimwa mbele ya mnunuzi. Hatua chache kutoka hapo ni barabara ya Biashara, maarufu kwa leso. Ukiendelea upande wa bahari unaingia Mji wa Kale, wenye vichochoro ambamo gari halipiti.

Faida ya kwanza ya kulala hapa ni usafiri. Takriban kila matatu ya pwani, ya kaskazini na ya kusini, ina uhusiano na barabara ya Digo au viunga vyake. Anayelala Bamburi na kutaka kwenda Diani hana budi kuingia kisiwani kwanza kisha atoke tena. Anayelala kisiwani amekwisha kukata nusu ya safari hiyo.

Faida ya pili haitajwi sana, nayo ni kwamba msafiri huyu hukwenda kinyume cha umati. Kila asubuhi maelfu ya wafanyakazi wanaoishi Kisauni, Bamburi na Likoni humiminika kuingia kisiwani, na kila jioni hurejea makwao. Magari hushonana darajani Nyali yakielekea mjini alfajiri, na yakitoka mjini magharibi. Mgeni aliyelala Mji wa Kale hutoka wakati wengine wanaingia, na huingia wakati wengine wanatoka. Yule aliyepanga Bamburi na kutamani kuzuru Ngome ya Yesu asubuhi ndiye hukwama pamoja na wafanyakazi.

Daraja hilo lina historia yake. La kwanza, lililokuwa likielea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la sasa la zege lilichukua nafasi yake mwaka 1980. Kabla ya hapo, kustawi kwa fuo za kaskazini kulitegemea subira ya wenye magari.

Jambo kubwa zaidi ni maji. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Mombasa hupita mita tatu nyakati za bamvua, na mgeni asiyejua hilo huharibikiwa na siku nzima. Hufika ufuoni na watoto, akakuta bahari imejitenga mpaka karibu na mwamba, pamebaki nyasi za baharini, vidimbwi vya maji ya joto na mawe yenye miiba ya viumbe vya baharini. Huulaumu ufuo, kumbe kosa ni la saa aliyochagua.

Wavuvi hawahitaji jedwali kulijua hili. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Katika siku hizo bahari ya Mombasa hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alasiri na alfajiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano. Takriban wiki moja baadaye huja maji mafu, na mpangilio hugeuka: maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, kisha hupwa alasiri. Baina ya vipindi hivyo, saa ya kujaa husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku.

Hapa ndipo aliyelala mjini humshinda aliyelala ufuoni. Siku za bamvua, asubuhi haina maana baharini, na mwenye chumba cha Nyali huketi chini ya mwavuli akingoja. Aliyelala Mji wa Kale hupata nafasi ya kuizuru Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011. Akitoka hapo atafuata Ndia Kuu hadi msikiti wa Mandhry na bandari ya kale, anunue bizari Marikiti, ale chakula cha mchana mjini, kisha apande matatu saa saba. Atafika maji yakiwa yanapanda. Fuo hizi hutazama mashariki, hivyo alasiri minazi hutupa vivuli vyake mchangani, na jua la utosini limekwisha kupita.

Siku za maji mafu afanye kinyume chake: atoke mapema, aogelee asubuhi, na alasiri airejeshe mjini.

Misimu nayo ina lake. Pepo za kaskazi, zivumazo kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, huacha maji yakiwa maangavu, na ndio wakati mzuri wa kutazama matumbawe katika Mbuga ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 mbele ya Nyali na Bamburi. Kusi huleta mawimbi na maji yenye ukungu. Masika ya Aprili na Mei hunyesha kwelikweli, na maji ya mvua yakijaa barabarani hata safari fupi huwa ndefu.

Msafiri anayelala mjini ana tatizo moja ambalo mgeni wa hoteli hana: mlango wa kuingilia ufuoni. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa mali ya umma. Kwa maneno mengine, hakuna mwenye hoteli anayeweza kudai kuwa mchanga unaofunikwa na maji na kufunuliwa ni wake. Hata hivyo, sheria hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukata njia ndani ya kiwanja cha mwingine ili aufikie mchanga huo.

Kwa sababu hiyo, haki ya mwananchi hutegemea njia za umma zinazotoka barabara kuu hadi majini. Kwa miaka mingi wakazi na wavuvi wa pwani wamelalamika kuwa njia hizo zimekuwa zikizibwa kwa kuta na majumba, moja baada ya nyingine. Ufuo unaweza kuwa wa umma kisheria na bado usifikike ila kwa kuzunguka mbali au kwa kununua soda ya bei ghali katika mkahawa wa hoteli.

Ndiyo maana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, ambao vijana huuita Pirates, una umuhimu kuliko sura yake. Si mzuri kuliko fuo zote. Sikukuu za Idd na siku za Krismasi hufurika watu hadi mchanga hauonekani. Wachuuzi, wenye ngamia na wenye kukodisha matairi ya kuelea hugombea kila mgeni. Lakini hapo hakuna anayeulizwa analala wapi. Matatu za Mtwapa hupita karibu, na kutoka kisiwani mtu hahitaji kubadilisha gari. Wazazi wasiwaachilie watoto macho kamwe, kwani siku za umati ndizo za hatari. Anayetaka utulivu aende siku za kazi.

Upande wa kusini mambo ni tofauti kwa sababu kuna kivuko. Matatu za mjini huishia kivukoni. Abiria hushuka, huvuka kwa feri akiwa amesimama pamoja na mamia ya wengine, kisha hupanda matatu nyingine Likoni. Waendao kwa miguu hawatozwi nauli, ila magari hulipiwa. Mkondo wenyewe ni mwembamba na safari ni ya dakika chache, ingawa kungoja kunaweza kuwa mara nyingi ya hizo.

Wakazi wa Mombasa hawalichukulii jambo la feri kwa wepesi. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe, iliyohudumu katika kivuko cha jirani, ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Mgeni asikimbilie feri inayoondoka, asisimame karibu na ukingo, na akiona umati umezidi, angojee inayofuata.

Kutoka Likoni, matatu za Ukunda hufuata barabara ya Lunga Lunga. Njia panda ya Tiwi huja kwanza. Ufuo wa Tiwi ni mtulivu na una vidimbwi vizuri katika miamba, lakini uko mbali na barabara kuu, na haifai mtu kuiendea njia hiyo kwa miguu akiwa peke yake. Apande bodaboda au tuktuk. Diani hufikiwa kwa kushuka Ukunda na kupanda tuktuk. Inawezekana kwenda na kurudi kwa siku moja, almuradi mtu atoke asubuhi na achague siku ya maji mafu ili asipoteze saa za kuogelea. Mwenye gari lake, hasa anayetoka Nairobi moja kwa moja, ana njia nyingine ya Dongo Kundu itokayo Miritini na kukwepa kisiwa na feri kabisa.

Yabaki maisha ya Mji wa Kale wenyewe. Nyumba zake nyingi ni za kuta nene za mawe ya matumbawe, zenye dari ndefu, na hupoa kuliko nyumba mpya za zege. Mahali pa kulala ni pachache na padogo. Kabla ya kulipa, mgeni aulize mambo mawili: maji na feni. Mgao wa maji ni jambo la kawaida mjini Mombasa, na nyumba isiyo na tangi humlazimu mtu kurudi kutoka baharini na chumvi mwilini akaoge kwa kopo.

Ajue pia kuwa anaishi miongoni mwa watu, si katika jumba la makumbusho. Adhana ya alfajiri itamwamsha. Nguo za kuogelea hubaki ufuoni, na leso iliyonunuliwa Biashara itamsitiri anaporudi. Watu hawapigwi picha bila kuombwa ruhusa. Mwezi wa Ramadhani vibanda vingi vya chakula hufungwa mchana, lakini baada ya magharibi vichochoro hujaa viazi karai, kachori, mishikaki na vitumbua, na chakula cha usiku hakimgharimu mtu pakubwa.

Asubuhi za kawaida kuna mahamri na mbaazi, na jioni kahawa tungu. Kwa familia ya watu watano, tofauti kati ya mlo huo na wa hoteli za ufuoni ndiyo huamua kama likizo itakuwa ya siku mbili au ya siku tano.

Kituo hiki kina mipaka yake. Kilifi inaweza kufikiwa na kurudiwa kwa siku moja bila taabu kubwa. Malindi, iliyo takriban kilomita 120 kaskazini, na Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania, hula siku nzima barabarani, na anayezitaka afadhali ahame Mji wa Kale, akalale huko.