Masumbufu ya Kesho: Somo Kutoka Lundha

 Popote mlipo saa hii, jikoni, dukani, chini ya mti mkishona nyavu, au kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Bwana Yesu anawaonyesha wanafunzi wake ndege wa angani na maua ya kondeni, halafu anawakataza kuisumbukia kesho. Maneno hayo tumeyajua tangu Shule ya Jumapili. Lakini tuseme kweli, wengi wetu tukiyasikia tunainamisha kichwa. Mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo anajiuliza, Je, wasiwasi wangu huu ni dhambi? Mvuvi aliyerudi alfajiri na mashua tupu, na deni la nyavu halijalipwa, anajiuliza, Je, imani yangu ni haba? Na mara nyingi watu kama hao hujibiwa kwa neno moja tu, "Omba," kisha anayejibu akaendelea na safari yake.

Leo tutafute jibu lililo pana kuliko hilo. Wala hatuendi mbali kulitafuta. Tutalitafuta hapa hapa Kisumu na katika ufuo wa Ziwa Victoria, kwa Wakristo wa mwanzo wa nchi yetu, ambao nao walikuwa na kesho ya kuihofia.

Tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Kazi ile ilikuwa na gharama kubwa. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kabla haijamalizika. Hata mwenye kupanda gari la moshi kwa raha hupita juu ya jasho la watu asiowajua.

Wazee wetu walikuwa na masumbufu kabla ya siku ile. Walijua njaa na ukame, na katika miaka ile ile ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi sana kando ya ziwa. Lakini pamoja na reli na serikali mpya yalikuja masumbufu ya namna nyingine, yaani kodi. Mtama ghalani na ng'ombe zizini vilikuwa mali, lakini mtoza kodi alitaka fedha. Basi aliyekosa fedha alilazimika kuiacha nyumba yake na kwenda kuitafuta mbali, relini au katika mashamba ya masetla. Tangu hapo watu wa ufuo huu walianza kuhesabu siku kwa namna mpya. Walihesabu siku za mkataba, siku za kodi, na siku zilizobaki kabla ya baba kurudi.

Mwaka wa 1906 misheni ya CMS, chini ya J. J. Willis, ilifungua kituo na shule huko Maseno. Pamoja na kusoma na kuandika, vijana walifundishwa kazi za mikono. Mwaka wa 1908 wanafunzi hao waligoma. Walisema wamekuja kutafuta elimu, hawakuja kuwa vibarua. Tusiwacheke. Walikuwa wameona jinsi mtu mweusi alivyotumikishwa, na walihofu kwamba jembe waliloshikishwa shuleni ni jembe lile lile la setla. Hapo tunaona kwamba kazi yenyewe ni njema, kwa maana Mungu alimweka Adamu bustanini ailime kabla ya dhambi kuingia. Kinachoifanya kazi kuwa mzigo ni mtu kutojua anamfanyia nani, na kwa haki gani.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wale walioitwa Kariokor, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta ukame na njaa, na katika miaka ya 1918 na 1919 homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima iliingia hata vijijini mwetu. Na kabla majonzi hayajatulia, mambo mengine yakafuata. Kipande kililetwa, na kila mwanamume akatakiwa kukichukua, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mwaka wa 1920 nchi ikageuzwa kuwa koloni, na watu wakaingiwa na hofu juu ya ardhi yao. Kodi ikapandishwa hadi rupia 8, ambazo kwa fedha mpya zilikuwa shilingi 16. Mwaka wa 1921 masetla nao wakatangaza kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Basi kodi ilikuwa inapanda na mshahara unashuka. Hapo, ndugu, kesho ilitisha kweli kweli.

Wale waliosoma Maseno walifanya nini? Wengi wao walikuwa walimu, watu wa kanisani, waliozoea kusali asubuhi na jioni. Wangeweza kusema, Bwana ametukataza kusumbuka, basi tunyamaze. Hawakusema hivyo. Tarehe 23 Desemba 1921, siku mbili kabla ya Krismasi, mkutano mkubwa ulifanyika Lundha, katika nchi ya Gem. Viongozi wake walikuwa watu kama Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor Gumbo na Simeon Nyende. Jambo lile likajulikana kwa jina la Piny Owacho, maana yake, nchi imesema. Waliyataja masumbufu yao moja moja kwa majina yake: kodi, kipande, mishahara, kambi za kazi ya kulazimishwa, na nchi kufanywa koloni. Hawakuchukua mikuki. Waliomba kusikilizwa.

Mwezi wa Julai 1922 Gavana mwenyewe alikutana na watu huko Nyahera, karibu na Kisumu. Kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 hadi 12, na kambi za kazi ya kulazimishwa zikavunjwa. Lakini kipande hakikuondolewa, wala nchi haikuacha kuwa koloni. Wako walioingia kaburini bila kukiona kipande kikiondoka. Tunasema haya wazi, kwa sababu kumtumaini Mungu si kupata kila tulichoomba katika msimu mmoja.

Mwaka wa 1923 harakati ile ilipata sura nyingine. Arkidikoni Walter Edwin Owen wa CMS alikuwa rais wa chama kilichoitwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, Kavirondo likiwa jina la zamani la sehemu hizi zetu. Chama hicho kilipeleka malalamiko ya watu serikalini kwa maandishi, lakini pia kiliwataka wanachama wake wafanye kazi nyumbani kwao: wachimbe vyoo, wapande miti, wajenge nyumba bora, na waue panya. Wengine walilalamika, wakasema, Tulidai haki, naye anatuambia habari za panya! Hata leo wako wanahistoria wanaosema kwamba Arkidikoni aliupoza moto wa Piny Owacho, na neno lao lina uzito. Lakini panya ndio walioleta tauni, na tauni ilikuwa imekwisha kuua watu Kisumu. Tena Owen mwenyewe hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliandika hata katika gazeti la Manchester Guardian huko Uingereza juu ya kazi ya kulazimishwa, mpaka masetla wakakigeuza cheo chake kwa kejeli, wakamfanya mkuu wa mashetani badala ya mkuu wa mashemasi. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka wa 1945.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba masumbufu ni kama mzigo uliofungwa pamoja, nasi tunaumia kwa sababu tunaubeba bila kuufungua. Tukiufungua, tutakuta ndani yake mizigo mitatu.

Mzigo wa kwanza ni ule ambao mkono wangu unauweza. Hapo ndipo choo, mti na panya vilipo. Ndege wa angani ambao Bwana aliwataja hawakai kiotani wakingoja; tangu alfajiri wanatafuta. Mtu anayeomba afya na huku hachimbi choo anamwachia Mungu jembe ambalo Mungu amemkabidhi yeye.

Mzigo wa pili ni ule ambao mkono wangu peke yangu hauuwezi, kwa sababu umewekwa na watu wengine. Hapo ndipo Lundha ilipo. Kodi ile haikutoka mbinguni. Ilitoka ofisini, na ilipasa kuzungumzwa ofisini. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 4, watu wa Yerusalemu walipotishwa na adui walimwomba Mungu, na pamoja na kuomba waliweka walinzi usiku na mchana. Kuomba hakukuwazuia kulinda, wala kulinda hakukuwafanya waache kuomba. Kwa hiyo, ewe mama wa karo, kwenda kwa mwalimu mkuu na kusema naye kwa heshima si upungufu wa imani. Nanyi wavuvi, kukaa pamoja katika chama chenu na kudai bei ya haki si upungufu wa imani. Tena kanisa lina wajibu hapa. Asiye na sauti asiachwe aende peke yake.

Mzigo wa tatu ni ule ambao si wangu, wala si wa Gavana. Ni mvua, uhai, na kesho yenyewe. Huo ndio Bwana anaotukataza kuubeba. Sisi tulio kando ya ziwa tunajua habari ya Marko, sura ya 4, jinsi Bwana Yesu alivyolala katika mashua wakati wa dhoruba. Chombo kinayumba, mawimbi yanaingia, naye amelala juu ya mto. Hakulala kwa uvivu, kwa maana siku ile alikuwa amefundisha makutano kutwa. Alilala kwa sababu ziwa lilikuwa mkononi mwa Baba. Mtu aliyemaliza kazi ya mkono wake, na kusema neno lililopasa kusemwa, ana ruhusa ya kulala.

Hata katika siku zetu mambo ni hayo hayo. Katika miaka ya 1990 gugu maji lilifunika ghuba ya Kisumu hata meli na mashua zikashindwa kupita. Watu waling'oa gugu kwa mikono, wakachoka. Wataalamu wakaleta wadudu wadogo wanaolila. Na pepo zikalisukuma huku na huku, upande ambao mtu hakuuamuru. Mkono, elimu na upepo, vyote vitatu vilikuwapo. Gugu bado hurudi, na mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hata likaingia katika nyumba na mashamba ya wengi. Anayetuambia kwamba mwamini hatapatwa na mambo kama haya anatudanganya. Lakini anayetuambia tukate tamaa, naye pia hajaijua historia ya ufuo huu.

Basi usiku wa leo, kabla hujazima taa, fungua mzigo wako. Jiulize, Lipi ni la mkono wangu kesho asubuhi? Lipi natakiwa kulisema, na kwa nani? Lipi ni la Mungu peke yake? Ukilipata hilo la tatu, mpe Mungu, ukalale.

Tuombe. Ee Bwana, uliyelala katika mashua na kuamka kuituliza bahari, twaomba utupe nguvu kwa kazi iliyo yetu, ujasiri kwa neno linalopasa kusemwa, na usingizi mwema kwa yale yaliyo yako. Wakumbuke waliorudi na mashua tupu leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.