Kutoka Adams Arcade hadi Bwawa la Nairobi: njia ya mto unaotufikia Pwani

Wengi wetu tukifika Nairobi, Adams Arcade twaijua kama kituo cha matatu tu kwenye Ngong Road. Ni mojawapo ya vituo vya maduka vya zamani zaidi mjini humo, na kilipewa jina la mwenyewe aliyekijenga, mfanyabiashara Mwislamu Abdul Habib Adam. Mimi hufikia kwa jamaa zangu karibu na hapo, na baada ya alasiri hupenda kuteremka kwa miguu hadi mtoni. Njia hiyo ni fupi, lakini ina habari nyingi, na moja inatuhusu sisi moja kwa moja.

Hatua chache kutoka Adams Arcade liko soko la Toi, maarufu kwa mitumba. Soko hilo liliharibiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, likaungua tena Machi 2019, na kila mara wachuuzi wakarudi. Ukilipita unaingia Makina, kitovu cha Wanubi wa Kibra, penye msikiti na nyumba za zamani za mabati.

Wanubi ni kizazi cha askari wa asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Walianza kuwekwa hapa mwaka 1904, wakati pangali msitu, na ndiyo maana ya jina Kibra kwa lugha yao ya Kinubi, iliyozaliwa na Kiarabu. Waingereza waliwatengea zaidi ya ekari 4,000, lakini bila hati. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia tangu kuzaliwa. Hati ya ardhi ya jamii walikabidhiwa mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288. Mpwani anayejua maana ya kuitwa skwota juu ya kaburi la babu yake hahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Ukiingia nyumba ya Mnubi utaona tabaga, kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa rangi kali. Sisi tungekiita kawa. Bibi mmoja aliyenikaribisha chai alinionyesha za kwake, kisha akaelekeza kidole bondeni. "Mwanangu, pale tulikuwa tukifua nguo, na watoto wakioga," akasema. "Sasa hata mbuzi hayanywi maji yale."

Ukitoka Makina unavuka reli, ile ile iliyoanza kwetu Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Chini yake ardhi inateremka kwenye vijiji vya Mashimoni, Lindi na Silanga, hadi kwenye mto Motoine. Mto huu unatoka upande wa Dagoretti na kuingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya mji. Lina eneo la hekta 35 hivi, na zamani palikuwa na klabu ya mashua za matanga. Leo ukisimama ukingoni huoni maji. Unaona magugu-maji, tope na takataka. Maelfu ya nyumba za juu hazina mabomba ya maji machafu, kwa hiyo kila kitu hufuata mteremko.

Sasa sikiliza njia ya maji hayo. Yakitoka bwawani yanaitwa mto Ngong, yanapita eneo la viwanda na Mukuru, kisha yanaingia mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, unakatiza mbuga ya Tsavo Mashariki, na ukikaribia bahari sisi twauita Sabaki. Unamwagikia baharini kaskazini ya Malindi, karibu na Mambrui. Na kabla ya kufika huko unapita Baricho, penye visima vinavyochimbwa kando ya mto huo huo, vinavyotoa maji ya Malindi, Kilifi na Mombasa.

Sisemi kwamba uchafu wa Kibra unafika bombani kwako kama ulivyo. Safari ni ya mamia ya kilomita, mchanga huchuja, na maji ya visima hutiwa dawa. Nasema kwamba mto ni mmoja. Habari za kusafisha mito ya Nairobi zikitangazwa, sisi huzipita kama mambo ya watu wa bara. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na haki hiyo haigawanyiki kwa kaunti. Wabunge na maseneta wetu wana sababu ya kuuliza maswali juu ya bwawa lile, na sababu hiyo ni Baricho.

Wala usafishaji usiwe kisingizio cha kuwafukuza wanyonge ukingoni bila pa kwenda. Wanubi walihesabiwa wageni kwa zaidi ya miaka mia, na wao ndio wanaokumbuka mto ule ulipokuwa safi.

Safari ijayo ukishuka Adams Arcade, usiishie kwenye maduka. Teremka uuone mto wako unakopita.