Vichekesho na Vikundi Binafsi vya Sanaa Jijini Dar es Salaam

Kichekesho, yaani igizo fupi ambalo wasanii wachache hukubaliana juu ya kisa chake na namna kitakavyoishia, kisha wakabuni mazungumzo papo hapo mbele ya watazamaji, kimepewa nafasi ndogo mno katika historia ya sanaa za maonyesho nchini Tanzania, ilhali ni miongoni mwa nguzo zilizoviwezesha vikundi binafsi kusimama bila fedha za serikali.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, msanii wa jukwaani alitegemea zaidi dola. Palikuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na mashirika ya umma nayo yalianzisha vikundi vyao, kama ilivyokuwa kwa DDC Kibisa. Uchumi ulipodorora, vikundi vya taifa vilivunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho kazi yake ilikuwa kufundisha wasanii, si kuwaajiri wote waliokuwa wakitafuta riziki jukwaani. Katika mazingira hayo vikastawi vikundi binafsi, vikiwemo Muungano, kilichoongozwa na Norbert Chenga, na Mandela.

Vikundi hivi viliishi kwa kiingilio. Katika kumbi za starehe na baa za Dar es Salaam, onyesho moja liliweza kuchukua saa kadhaa, likichanganya ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo marefu yenye mafunzo na vichekesho, na mtazamaji aliyeketi na bia yake mezani, akizungumza na jirani yake, hakuwa na wajibu wowote wa kusikiliza. Mchekeshaji alipaswa kumteka kwa mwendo, kwa nguo zilizopwaya, kwa lafudhi iliyotiwa chumvi, na kwa visa vya walevi, washamba waliofika mjini na waume waliodanganywa. Akiona kicheko kimepungua, alibadili maneno hapo hapo, jambo ambalo mwigizaji aliyekariri mswada hakuweza kulifanya kwa wepesi huo. Huo ni ufundi mkubwa, unaostahili heshima sawa na ule wa mwandishi wa tamthilia. Kejeli ya mchekeshaji, hata hivyo, ililenga zaidi nyumba na mtaa kuliko Ikulu.

Mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa, CCM ilianzisha Tanzania One Theatre (TOT) chini ya John Komba, na ushindani wake na Muungano ukaipa nguvu taarabu ya mipasho, yaani nyimbo za kurushiana vijembe, hata vichekesho vikasukumwa pembeni. Televisheni binafsi, zilizoanza mwaka 1994, ziliwafungulia wachekeshaji mlango mwingine, na katika miaka ya 2000 kipindi cha Ze Comedy cha kituo cha EATV kikapata umaarufu ambao vikundi vya kumbini havikuwahi kuuona.

Kwa kuwa vichekesho vya kumbini havikuandikwa, sehemu kubwa ya sanaa hiyo imo katika kumbukumbu za wasanii wenyewe, ambao sasa ni watu wazima sana. Vyuo vikuu na Baraza la Sanaa la Taifa havina budi kurekodi simulizi zao wangali hai.