Masasi na Newala: Elimu ya kuongoza taasisi za jumuiya

MTU ajengaye zahanati kwa michango ya waumini hukamilisha nusu tu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuiendesha: kulipa mishahara, kutunza hesabu, kuitii sheria na kuwaeleza wachangiaji fedha zao zimekwenda wapi. Kazi hii ina elimu yake, na historia ya Masasi na Newala yaonyesha kinachotokea elimu hiyo inapopatikana na inapokosekana.

Elimu hii ni nini?

Usimamizi wa taasisi za jumuiya ni uongozi wa shule, hospitali, vituo vya yatima na mifuko ya misaada inayomilikiwa na jumuiya ya imani au ya wenyeji, bila kugawana faida. Msimamizi wake hutumikia pande tatu kwa wakati mmoja: wanaohudumiwa, wanaochangia, na jumuiya yenye mali. Ndiyo maana shahada ya biashara peke yake haimtoshi, wala uchaji wa Mungu peke yake.

Mwanzo wake Masasi

Masasi ya misheni ilianza mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere wa UMCA alipowafikisha huko watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Tangu awali misheni hiyo ilitegemea wenyeji waliosomeshwa. Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Zanzibar, kiliwaandaa walimu na wahudumu waliopelekwa bara.

Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani. Baada ya masomo ya Kiungani na ya Canterbury, Uingereza, alipelekwa Chitangali, upande wa Newala, akapata upadre mwaka 1890. Hapo aliongoza kituo, si ibada pekee.

Faida ya maandalizi hayo ilionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walipowaweka kizuizini wamisionari Waingereza, mapadre na walimu wenyeji ndio waliobaki na makanisa na shule mikononi mwao. Kazi haikufa, kwa kuwa walikuwapo watu waliokwisha kufundwa.

Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926 chini ya Askofu Vincent Lucas. Huko Lulindi, Dk Leader Stirling, aliyefika miaka ya 1930 na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, aliwafundisha uuguzi vijana wa mahali hapo. Kwa upande wa Wakatoliki, Wabenediktini waliofungua Ndanda mwaka 1906 nao wakajenga hospitali na kufundisha wauguzi.

Hata hivyo, mafunzo hayo yalilenga zaidi kutoa walimu, mapadre na wauguzi. Uongozi wa juu, na hasa ufunguo wa fedha, ulikaa kwa wageni kwa muda mrefu. Askofu Trevor Huddleston, aliyeiongoza Masasi kuanzia mwaka 1960, aliondoka mwaka 1968, na nafasi yake ikachukuliwa na mwenyeji, Hilary Chisonga.

Mabadiliko ya sheria

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya Serikali. Taasisi za dini zikapoteza uwanja mkubwa wa kulea wasimamizi. Mashirika yaliporejea kwa wingi katika miaka ya 1990, yalihitaji watu ambao hawakuwa wameandaliwa.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, ilileta utaratibu wa usajili na wajibu wa kutoa taarifa kila mwaka. Marekebisho ya mwaka 2019 yalikaza masharti ya uwazi wa fedha, yakaweka pia mpaka baina ya mashirika hayo na jumuiya zilizosajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya, yakiwamo madhehebu ya dini. Msimamizi asiyeujua mpaka huo anaweza kuipeleka taasisi yake kwa msajili asiyehusika, akahatarisha uhai wake.

Kijana wa Newala asome wapi?

Chuo Kikuu Mzumbe, chenye asili yake katika chuo cha serikali za mitaa cha mwaka 1953, hufundisha utawala na fedha. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Chuo Kikuu Huria kiliwahi kushirikiana na Southern New Hampshire University ya Marekani kutoa shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika.

Kwa upande wa dini, Mtwara ina chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris cha Wakatoliki, na Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza mwaka 2005.

Mfano wa Wayahudi

Wayahudi wa Marekani waliliona pengo hili mapema. New York ilikuwa na shule ya uzamili ya kazi za jamii ya Kiyahudi kati ya mwaka 1925 na 1940. Mwaka 1968 Hebrew Union College ilianzisha shule ya utumishi wa jumuiya huko Los Angeles, na mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Brandeis kikafuata. Mwanafunzi alijifunza mizania na uchangishaji, sambamba na historia, maandiko na mila za watu atakaowatumikia.

Afrika Mashariki nayo ina jirani wa mfano huo. Gershom Sizomu wa Wayahudi wa Mbale, Uganda, alisoma Los Angeles, akapata urabi mwaka 2008 na kurudi kwao, ambako jumuiya yake ina shule na kituo cha afya.

Somo kwa uwanda wa Makonde

Kinachopaswa kuigwa ni kuunganisha elimu hizo mbili. Msimamizi wa Newala hana budi kujua ukaguzi wa hesabu, na kujua pia kwamba mkulima wa korosho hana fedha mwezi Machi kama alizonazo baada ya mnada wa Novemba. Ajue kuandika andiko la mradi, na ajue kuzungumza na wazee wa jando na makungwi wa unyago kabla ya kupanga kalenda ya shule.

Jumuiya inayomsomesha kijana wake kwa ufadhili wenye masharti ya kurudi, na ikamwekea mshahara wa kumbakiza, inajenga kitu kitakachodumu kuliko jengo. Wafadhili wana siku yao ya kuondoka. Siku hiyo ikifika, ufunguo wa sanduku ukabidhiwe kwa mtu aliyeandaliwa kuushika.