Meli Iliyofika kwa Masanduku

Wako watu wazima duniani wanaounda mifano ya vyombo vya vita: hufungua sanduku, hukata vipande vya plastiki, huviunganisha kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Vifaru aghalabu huundwa kwa kipimo cha 1:35. Maji ya mto wetu Rusizi huishia Ziwa Tanganyika, ambako chombo halisi cha vita kiliunganishwa vivyo hivyo.

Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifumuliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapitishwa Dar es Salaam na kuunganishwa upya Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915. Mzinga wake mkubwa ulitoka katika manowari Königsberg. Mwaka 1916 uliondolewa, ukawekwa wa mbao ili kumhadaa adui. Yaani chombo halisi kilibeba silaha ya mfano!

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hata hivyo, katika masanduku ya mifano hiyo ni nadra kumkuta mpagazi. Ilhali vita vile vya Afrika Mashariki vilibebwa mabegani, na wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Sisi walimu hulitaja neno “mpagazi” tunapofundisha ngeli ya M-/WA-. Ndugu wasomaji, tulifundishe pia kama historia.