Kihenge, Ng'ombe na Safari ya Kuhemea: Akiba ya Kaya za Ugogo

Ugogo, nchi kavu ya nyanda inayozunguka mji wa Dodoma katikati ya Tanzania, hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha katika msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Mvua hiyo ingetosha mtama na uwele kama ingegawanyika vizuri, lakini mara nyingi hukatika katikati ya msimu, mimea ikiwa bado michanga, na mkulima aliyekwisha kupanda hulazimika kupanda upya kwa mbegu alizokuwa amezihifadhi kwa chakula. Katika nchi ya namna hiyo mwaka wa njaa haukuwa jambo la kushangaza. Kila kaya, yaani watu wanaolima na kula pamoja, iliishi ikijua kwamba mwaka huo utakuja, na kwamba utakapokuja hakutakuwa na serikali wala mfadhili wa kuleta chakula. Historia ya Wagogo inaonyesha kwamba kaya hizo zilikuwa zimejiandaa kwa ustadi mkubwa, na kwamba njaa kubwa kuliko zote zinazokumbukwa huko ilitokea pale zilipozuiwa kukaa na kile zilichokuwa zimeweka akiba.

Akiba ilianzia ndani ya nyumba yenyewe. Tembe, ambayo ni nyumba ndefu yenye kuta za miti iliyokandikwa udongo na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo vilevile, ilijengwa kuzunguka ua ambamo mifugo ililala usiku, na paa lake lilitumika kama uwanja wa kuanikia masuke baada ya mavuno, juu ya kimo cha mbuzi na kuku. Nafaka iliyokauka ilipurwa, ikapepetwa, kisha ikatiwa katika kihenge, yaani chombo kikubwa cha mviringo kilichosukwa kwa fito na kukandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kikainuliwa juu ya mawe au magogo ili mchwa na unyevu visikifikie. Kihenge kilichowekwa katika chumba cha ndani kilipata faida ya moshi wa jikoni, ambao huwafukuza wadudu, na baadhi ya watu walichanganya nafaka na majivu kwa kusudi hilohilo. Punje za uwele ni ndogo na ngumu, hivyo fukusi huzishambulia kwa shida kuliko mahindi, na zikikaushwa sawasawa huweza kupita msimu mmoja hadi mwingine bila kuharibika. Mwaka wa neema, kwa hiyo, haukuwa mwaka wa kula sana, bali mwaka wa kujaza kihenge kwa ajili ya mwaka usiojulikana.

Katika kaya yenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na sehemu yake ya nyumba, shamba lake na ghala lake, na ni yeye aliyepima kila siku ni kiasi gani kitolewe kwa ajili ya ugali. Jambo hili halikupewa uzito unaostahili katika maandishi mengi ya wakoloni, ambayo yalihesabu ng'ombe wa mwanamume na kusahau mkono wa mwanamke katika kihenge, ingawa uamuzi wa kupunguza kipimo mapema, miezi kadhaa kabla ya njaa kuonekana waziwazi, ndio uliotenganisha mara nyingi kaya iliyovuka na kaya iliyokwama. Wanawake haohao ndio waliochuma majani ya porini wakati wa mvua, wakayakausha na kuyasaga ili yapikwe kama mlenda, mboga yenye utelezi inayoliwa na ugali mwaka mzima, na ndio waliojua ni matunda na mizizi ipi, ubuyu ukiwa miongoni mwake, inayoweza kuliwa pale nafaka ikiisha. Upande wa magharibi na kaskazini, Wanyamwezi na Wasukuma walifanya jambo la aina hiyohiyo kwa viazi vitamu, wakivikata vipande na kuvianika vikiwa vibichi ili kupata michembe, au kuvichemsha kwanza na kuvianika ili kupata matobolwa.

Ghala la pili la Mgogo lilikuwa na miguu. Ng'ombe hawakufugwa kwa maziwa na mahari peke yake, kwa kuwa ng'ombe mmoja katika mwaka mbaya aliweza kubadilishwa kwa nafaka katika nchi jirani iliyopata mvua, na mwenye mifugo mingi aliwagawa wanyama wake kwa ndugu na marafiki wa mbali wawatunze, ili ukame au ugonjwa wa sehemu moja usimwangamize. Hapo ndipo inapoingia desturi ya kuhemea, ambayo ni safari ya kwenda mbali kutafuta chakula kwa kununua, kwa kubadilishana mali au kwa kufanya kazi, na ambayo ilifanyika kwa kufuata njia za ukoo, ndoa na urafiki zilizokuwa zimetengenezwa miaka mingi kabla ya haja kutokea. Aliyemtunzia mwenzake ng'ombe leo alikuwa na mlango wa kubisha kesho.

Kwamba mfumo huu ulizalisha ziada katika miaka ya kawaida kunathibitishwa na biashara ya misafara ya karne ya 19. Misafara iliyotoka pwani kuelekea Unyamwezi ilivuka kwanza Marenga Mkali, mbuga isiyo na maji mazuri iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo, ikafika ikiwa na njaa na kiu, nayo ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, pamoja na kununua nafaka na haki ya kuteka maji visimani. Nchi ambayo wasafiri wengi wa Ulaya waliieleza kuwa kame na ya kikatili ndiyo hiyohiyo iliyowalisha.

Mapigo yalianza mwishoni mwa karne hiyo. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, uliangamiza mifugo mingi na kulibomoa lile ghala la pili. Utawala wa Wajerumani ulianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi iliyodaiwa baada ya mavuno ilimlazimisha mkulima kuuza nafaka wakati bei iko chini, kisha kuitafuta tena kwa bei ya juu kabla ya mavuno yaliyofuata. Hata hivyo kaya ziliendelea kujaza vihenge, na reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, haikuwa bado imeziondolea uwezo wao.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyofanya hivyo. Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kutoka Ugogo, na baada ya Waingereza kuiteka Dodoma katikati ya mwaka 1916 uchukuaji huo uliendelea chini ya bendera nyingine, huku maelfu ya wanaume wakikamatwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea kusini. Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi ukitazamwa kutoka ndani ya tembe. Nafaka iliyotolewa kihengeni kwa nguvu ilikuwa akiba ya miaka, si ya mwezi. Ng'ombe waliosafirishwa kwenda kulisha askari ndio waliotarajiwa kubadilishwa kwa chakula. Na vijana waliopelekwa upagazi ndio ambao wangefyeka mashamba mapya na kwenda kuhemea. Mvua zilipokosekana, kaya zilikutana na ukame zikiwa zimenyang'anywa kila kitu ambacho kwa vizazi vingi kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya ukame huo, na majirani waliozoea kukimbiliwa walikuwa katika hali isiyotofautiana sana na yao. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000 katika eneo lililokuwa na wakazi wapatao 150,000. Wako wazazi walioweka watoto wao rehani kwa watu wenye chakula, na homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 iliwakuta watu ambao miili yao haikuwa na nguvu ya kupambana nayo.

Somo ambalo serikali ya Kiingereza ilichagua kujifunza lilikuwa kwamba mkulima hajui kuweka akiba. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kuamuru watu walime mazao ya kinga ya njaa, na zao lililopendelewa zaidi nchini kote lilikuwa muhogo, ambao huvumilia ukame, huachwa ardhini hadi utakapohitajika, na humenywa na kuanikwa kuwa makopa. Sehemu zenye mvua ya wastani zilifaidika kwa kweli. Katika Ugogo mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu muhogo hubaki shambani kwa zaidi ya msimu mmoja, na pale ambapo mifugo huachiwa kula mabua baada ya mavuno, shamba lisilo na ua haliwezi kudumu. Amri hizo zilijengwa juu ya shutuma isiyo ya haki, na ni jambo la kusikitisha kwamba shutuma hiyo iliendelea kurudiwa na maofisa kwa miongo mingi, hata baada ya uhuru.

Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa, na ukame wa miaka hiyo ukaleta kampeni ya mwaka 1974 iliyojulikana kama Kilimo cha Kufa na Kupona. Wakati huohuo mahindi yalizidi kuchukua nafasi ya uwele, na pamoja nayo akaja adui ambaye kihenge hakikuwahi kumjua. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati ambaye watu wengi walimwita Scania, alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa kuwa hutoboa mahindi na makopa hadi yakabaki unga mtupu, wataalamu walishauri mahindi yapukuchuliwe mapema na kuchanganywa na dawa ya unga badala ya kuwekwa yakiwa katika magunzi.

Hivyo gunia likachukua mahali pa kihenge, na siku hizi mfuko usiopitisha hewa, ambao huwaua wadudu bila dawa, umeanza kuchukua mahali pa gunia la kawaida. Kwa upande wa wadudu mabadiliko hayo ni ya manufaa makubwa. Lakini kihenge hakikuwa na kipimo cha sokoni, hakikubebeka, na mtu wa nje hakuweza kujua kina nini ndani yake, ilhali gunia huhesabiwa kwa macho, hupakiwa kwenye baiskeli au pikipiki kwa dakika chache, na bei yake inajulikana na kila mnunuzi anayepita kijijini wiki ya mavuno, wakati ada ya shule na deni la pembejeo vinadaiwa, na mwanamke ambaye zamani ndiye aliyepima chakula cha kila siku mara nyingi hujua kwamba akiba imepungua baada ya kuwa imekwisha kuuzwa.